Wanja kwenye Jino la Msumeno

Nyuma ya msikiti pale Mkunazini, katika uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibanze ukutani, ilikuwako nyumba iliyokuwa ikilia kila asubuhi. Si kilio cha mtu, ni cha chuma: kiii, kikanyamaza, kiii tena, mpaka adhuhuri. Wapita njia walishazoea. Wakisikia tu husema, "Mmanga yuko kazini." Na kila aliyesema hivyo alikosea. Aliyekuwa kazini ni Biasha, mkewe, na Biasha mwenyewe ndiye aliyekuwa hataki ijulikane.

Ilianza hivi. Mmanga alikuwa mnoaji wa misumeno kweli, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Miaka mingi alinoa katika kiwanda cha mbao cha Bwana Kazim kule Malindi, ile misumeno ya duara ya mashine, mikubwa kama sinia la pilau ya harusi, midogo kama kikaango. Mwaka 1964 Kazim alipofunga mizigo yake na ya jamaa zake, alimwachia Mmanga mashine ndogo ya kunolea, ya kufungwa mezani: mota, jiwe la duara jembamba kama biskuti, na mkono wa chuma wa kukalishia msumeno. "Chukua," alimwambia. "Mimi siwezi kuipakia melini, na wewe huwezi kula bila ya hii." Kiwanda kikawa cha Serikali, wakataji mbao wakabaki walewale, na misumeno ikawa inaletwa nyumbani kwa Mmanga butu, inarudi mikali.

Kumbe macho yake yalishaanza kumuaga. Cheche alizozila usoni tangu ujana zilimwachia ukungu mweupe, na ukungu ule ukawa unazidi. Siku moja aliinua kichwa mezani akasema taratibu, kama anayesema jambo la mtu mwingine, "Biasha, jino moja nnaliona mawili."

Biasha alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini. "Na hayo mawili, unajua lipi la kweli?"

"Nnabahatisha."

Hapo ndipo alipomkalisha mkewe mbele ya mashine, akasimama nyuma yake, akamshika viganja. Alimfundisha kwa mdomo na kwa mikono. Jino usilisukume kwenye jiwe, uligusishe tu, kama anayeonja mchuzi kwenye kiganja. Likishika moto likageuka buluu, hilo limekufa. Litang'aa, watu watalisifu, lakini ni laini kama bati. Meno ya msumeno huinama moja kulia, moja kushoto, basi unaruka moja unanoa moja, unazunguka duara zima, halafu unaugeuza msumeno unarudia yale uliyoyaruka. Na ili ujue ulipoanzia, jino la kwanza unalitia alama ya chaki.

Chaki haikumfaa Biasha. Upepo wa jiwe uliipeperusha, akajikuta anazunguka kama kishada. Akaenda chumbani, akatoa kidau chake cha wanja, akatia doa dogo kwenye jino la kuanzia. Wanja ulishika. Tangu siku hiyo kila msumeno uliotoka nyumba ile ulikuwa na doa jeusi kwenye jino moja.

Mama yake alimwambia siku ya harusi kwamba mke ni vazi la mume, na vazi kazi yake ni kusitiri. Biasha alisitiri. Misumeno ilipokelewa barazani na Mmanga, ikaingizwa ndani na Mmanga, pazia likashushwa. Biasha ananoa uani, chini ya kibanda cha mabati ulikopitishwa waya wa umeme, na mumewe amekaa kwenye kibao karibu yake akisikiliza mlio. "Hilo umelikandamiza," husema. Au, "Zuri hilo, pita." Kazi ikimalizika, Mmanga huchota vumbi la chuma mezani akajipaka mikononi na kwenye paji la uso, halafu ndio hutoka nje kukabidhi.

"Leo umesahau shingo, bwana," Biasha humwambia, na yeye mwenyewe humpaka, na wote wawili hucheka kimyakimya, kama watoto walioiba sukari.

Sifa zikaja. Makungu, mkata mbao wa kiwandani, mtu wa sauti nene na maneno mengi, alikuwa hawezi kupokea msumeno bila ya hotuba. "Mkono wa Mmanga huu, jamani. Mvule unakatika kama halua. Nyinyi vijana mtazikwa hamjaujua mkono kama huu." Biasha nyuma ya pazia husikia, moyo ukamjaa. Mwanzo ulimjaa furaha. Baadaye hakujua ulikuwa unamjaa nini.

Siku ya Idi, Borafya, msimamizi wa kiwanda, alileta doti ya kanga. "Mpe mama wa ndani," alimwambia Mmanga. "Kwa kuvumilia makelele yako." Mmanga akaja nayo ndani akicheka, lakini Biasha safari hii hakucheka. Alizikunja kanga zile akaziweka chini kabisa ya kasha, wala hakuzivaa.

Uongo ni mgeni. Ukimkaribisha kwa siku mbili, ya tatu anauliza kitanda chake kiko wapi. Mmanga alipakwa vumbi miaka mpaka akasahau kwamba anapakwa. Akaanza kuwahadithia watu barazani namna alivyounusuru msumeno fulani, na hadithi ikawa na jasho, na maumivu ya mgongo, na dua aliyoisoma. Mgongo uliouma ulikuwa wa Biasha. Halafu mwaka 1968 akaanza kwenda Chukwani kila Jumapili, na watu wakamnong'oneza Biasha kwamba kuna binti huko aitwaye Kurwa, na baba wa Kurwa ameshasema kwamba mwanawe haendi kwenye ukewenza.

Talaka ilikuja baada ya chakula cha mchana, moja tu, ya adabu, bila ya ugomvi. Biasha hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Na misumeno atanoa nani?"

"Nitamfundisha Kurwa, kama nilivyokufundisha wewe."

"Mimi umenifundisha una nusu ya macho. Leo huna hata robo."

"Biasha," alisema Mmanga, na alisema kwa upole, jambo ambalo lilimchoma zaidi, "mikono ni yako, lakini ilimu ni yangu. Mikono hapa duniani mingi."

Sheria inamtaka mwanamke akae eda yake katika nyumba ya mumewe, na mume amlishe, kwani huenda Mungu akawarejesha. Biasha akahamia chumba cha uani, hatua chache tu na ile mashine. Asubuhi ya pili Mmanga akaja na msumeno mkononi, kama kawaida, akauweka mezani, akakaa kwenye kibao chake, akangoja.

Biasha alikuwa anafua. Aliendelea kufua.

"Umefika wa kiwandani," Mmanga akasema.

"Nimeuona."

"Wanautaka kesho."

"Basi unoe."

"Biasha, kwani umekuwa mtoto? Unakula changu mpaka eda iishe. Ninolee huu tu, mpaka yule mwenzako azoee."

"Nikuolee mke kwa mikono yangu? Nikuoshee na miguu?" Akazikamua nguo. "Bwana Mmanga, mimi nnataka jambo moja. Toka barazani uwaambie watu: anayenoa ni Biasha. Useme hivyo mara moja tu, halafu nitanoa mpaka siku ya mwisho ya eda, na huyo Kurwa nitamfundisha mimi mwenyewe, bure. Hilo tu."

Mmanga aliinuka, akapapasa mpaka kwenye mashine, akaiwasha.

Ule mlio haukuwa mlio aliouzoea uchochoro. Ulikuwa unakwaruza, unakatika, unapiga kelele mahali pasipo kelele. Biasha alisimama na ndoo mkononi akayaona meno yanageuka buluu moja baada ya jingine. Mdomo ulimwasha. Angeweza kusema, "Mwachie mteja msumeno wake, utamuumiza mtu." Hakusema. Baadaye, kila alipokumbuka mambo yale, hilo ndilo alilokuwa analiruka haraka. Mmanga aliung'arisha msumeno kwa mafuta ya taa, akajipaka vumbi, shingo akaisahau, akautoa nje.

Kesho yake Makungu alisukuma ubao wa mvule kwenye msumeno ule. Ukakata kidogo, ukaanza kutoa moshi, ukabana. Ubao ukarudi nyuma kwa nguvu ukampiga mkononi, vidole viwili vikavunjika. Ulipotolewa msumeno, wenzake waliuzunguka wakautazama kama anavyotazamwa samaki asiyejulikana. Mikono yao inajua mbao, haijui kunoa. Waliona meno yanang'aa, na waliona jambo moja jingine.

"Doa halipo," alisema mmoja wao.

"Doa gani?"

"Lile jeusi. Misumeno ya Mmanga yote ina doa jeusi kwenye jino moja. Huu hauna."

Wakaletewa na ule uliofuata, nao hauna, nao haukati. Mtu akakumbuka kwamba Mmanga amemwacha mkewe. Mwingine akakumbuka kwamba mke mwenyewe yumo ndani ya nyumba. Basi maneno yakajifunga yenyewe kama fundo la kamba mbichi: mwanamke ameachwa, ana uchungu, alikuwa na kitu chake alichokiweka kwenye jino, sasa amekitoa, ameifunga mashine, na vidole vya Makungu ndio salamu yake ya kwanza.

Hadithi ilirudi Mkunazini kabla Makungu hajatoka hospitali. Mwanamke wa jirani aliyekuwa akija kuomba moto akaacha kuja. Muuza maziwa akawa anaweka kopo kizingitini na kuondoka bila ya kugonga. Biasha aliyasikia kwa Parin, mke wa fundi wa saa, aliyekuwa akikaa ghorofa ya juu. Dirisha la jiko la Parin lilitazama uani. Miaka yote ile alikuwa akipika huku akimwona Biasha ananoa.

"Dada Parin," Biasha alimwambia, akiwa chini anatazama juu, "wewe umeniona."

"Kila siku mimi naona."

"Basi waambie. Mmoja tu akisema, wawili wataamini."

Parin alitazama nyuma yake, ndani kwake, halafu akainamia dirisha. "Biasha, siku hizi Mhindi akitia neno katika maneno ya watu, watu hawaulizi neno gani. Wanauliza yeye bado yuko hapa kwa nini." Akavuta mtandio wake begani. "Nna watoto, dada. Nisamehe." Kisha akateremsha kwa kamba kibakuli cha kachori, na Biasha akakipokea, maana hakujua afanye nini kingine.

Ijumaa baada ya swala walikuja: Borafya, Makungu na mkono wake uliofungwa, wakataji wawili watatu, na Maalim Abdulla aliyebeba chetezo. Mmanga ndiye aliyewafungulia. Walipita mpaka uani, Maalim akaizungushia mashine ubani, akasoma, akapulizia jiwe, akapulizia mota. Biasha alikuwa chumbani. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Aliziona kanzu nyeupe za wanaume zimejaa mahali pake pa kazi, na akamwona Mmanga amesimama kati yao, uso umeinama, kama mtu aliyeonewa.

Alijifunga kanga mbili, akajitanda mpaka kwenye nyusi, akatoka.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba." Maalim hakumtazama. "Mwanangu, mwanamke wa eda hatoki mbele ya wanaume."

"Sitakaa. Nimekuja kusema kwamba mashine haina jini. Misumeno yote mliyoisifu nimeinoa mimi. Bwana Mmanga haoni, na hajanoa tangu mwaka ule alioondoka Kazim, ila hii ya juzi iliyoharibika. Doa ni wanja. Nilitia ili nijue nilipoanzia."

Makungu ndiye aliyecheka kwanza. "Wanja? Msumeno nao unakwenda harusini?"

Wakacheka na wengine, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Borafya akageuka. "Mmanga, unasikia anachosema?"

Kila mtu alimtazama Mmanga. Biasha naye alimtazama, na mpaka hapo, Mungu shahidi, bado alitumaini. Alimjua mtu huyu. Alimpaka vumbi shingoni. Alijua kwamba kuna neno moja dogo limekaa nyuma ya meno yake.

"Mwanamke aliyeachwa," alisema Mmanga, na sauti yake ilikuwa kavu, "ana uchungu. Msimchukulie."

Biasha alikwenda mezani, akauchukua msumeno ule uliomvunja Makungu vidole, waliokuja nao, akautundika kwenye kidole chake cha shahada na kuupiga ukucha. Ulilia vizuri, haukuwa na ufa. Akarudi chumbani, akaja na kidau, akatia doa. Akawasha mashine. Wanaume walirudi nyuma, wengine wakashika ukuta. Akayagusisha meno kwenye jiwe, moja, akaruka, moja, akaruka, akayaondoa yale ya buluu mpaka akafika kwenye chuma kilicho hai. Uchochoro mzima ulisikia mlio wake wa zamani. Juu, dirisha la Parin lilifungwa taratibu. Alipomaliza duara akaugeuza, akarudia upande wa pili.

Alizima mota, akampa Borafya. Borafya aligusa jino kwa ukucha wa dole gumba, na ukucha ukachubuka unga mweupe.

"Mkali," alisema.

Kwa muda wa pumzi moja Biasha alidhani yamekwisha.

"Mwaona?" Ilikuwa sauti ya Makungu, na safari hii haikuwa na mzaha. "Sisi tumeleta Maalim, kasoma, haikusema kitu. Yeye kaja na kidau chake, katia lile doa, mashine imemtii. Mkono ulioifunga ndio unaoifungua. Ushahidi gani mwingine mnautaka?"

Na wote walitikisa vichwa, hata Maalim, kwa huzuni, kama watu walioonyeshwa jambo ambalo wangependa lisiwe kweli. Biasha aliwatazama mmoja mmoja. Alijua hapo kwamba angenoa msumeno mwingine, na mwingine, na kila msumeno mkali ungekuwa kosa jingine juu yake.

"Huu msumeno nani atasimama mbele yake?" Makungu aliuliza. "Mimi nna vidole vinane tu vilivyobaki."

Borafya akauviringisha kwenye gunia, akasema atakwenda kuutosa baharini. Wakatoka. Mmanga alibaki uani, akipapasa kibao chake ili akae.

Eda iliisha bila ya marejeo. Biasha alipanda gari la shamba mpaka Uroa, kwa mama yake mdogo, Bi Time, na huko akashika kazi ya wanawake wa huko: kufukua makumbi ya nazi yaliyooza pwani, kuyaponda, kusokota kamba za usumba. Maneno yalimtangulia. Bi Time alimpa kitanda na chakula, na kwa mdomo wake hakumwambia neno baya hata siku moja, lakini watoto wa nyumba walipotaka kusukwa nywele, aliwaita yeye kabla Biasha hajanyoosha mkono. Mmanga alimwoa Kurwa. Kurwa alikaa mbele ya mashine siku moja, cheche ikamtoboa kanga mpya, akasema yeye hakuja mjini kuungua. Kiwandani Mmanga akawekwa mlangoni, kufungua na kufunga.

Miezi kadhaa baadaye Borafya alifika Uroa. Alipiga hodi, akaulizana na Bi Time habari za mjini na za shamba, akanywa maji ya dafu, na Bi Time alipoingia ndani akamgeukia Biasha.

"Ule msumeno sikuutosa, Bi Biasha. Siku moja watu wamekwenda kusali nikaufunga, nikajaribu. Sijapata kuona." Akashusha sauti. "Kiwanda kinalala nusu ya siku. Mashine nshaichukua kwa Mmanga. Nyuma ya ghala kipo kijichumba, mlango wake wa uchochoroni. Ungeingia asubuhi, ukatoka jioni, hakuna wa kukuona."

"Na Makungu umemwambia?"

"Makungu akijua ataacha kazi, na wenzake nyuma yake. Nitawaambia misumeno inanolewa Dar es Salaam, inakuja na meli."

"Kwa hiyo atakayesifiwa ni mtu wa Dar es Salaam."

"Bi Biasha, sifa hazipikwi. Utalipwa."

Alikuwa amekuja na msumeno mwingine ndani ya kikapu, uliounguzwa na waliojaribu kuunoa. Biasha akautoa, akautazama. Meno yalikuwa buluu robo ya duara. Kidole chake kilipita juu yake chenyewe, kikihesabia wapi pa kuanzia, na Borafya alipoona vile akatabasamu, akidhani amekubaliwa. Biasha akaurudisha kikapuni, akaufunika vizuri.

"Mpelekee huyo wa Dar es Salaam," alisema.

Borafya akakichukua kikapu, akaaga. Bi Time akatoka na fungu jipya la usumba.

"Mgeni wako alitaka nini?"

"Anatafuta mnoaji."

"Si kazi unayoijua hiyo?"

"Anamtaka asiyekuwepo," alisema Biasha, akanyoosha mguu, akaanza kusokota. Bi Time hakuelewa, akamsogezea usumba kwa ncha ya fimbo.